Askari wa Kitale na Vipepeo Vyake
Wako askari ambao saa za mapumziko hupaka rangi sanamu za askari wa Rumi ya kale. Luteni Kanali Hugh Stoneham wa Kitale alipendelea kukusanya wadudu, ndege na vitabu. Mwaka 1926 alianzisha makumbusho yake mwenyewe. Kazi hiyo yataka subira: kipepeo huchomwa pini, hukaushwa, kisha huandikiwa mahali na tarehe ya kukamatwa, bila maandishi hayo ni pambo tu. Stoneham alifariki mwaka 1966, akiwa ameusia mkusanyo wake kwa taifa. Jengo jipya likafunguliwa mwaka 1974. Mkulima wa Bungoma aendaye Kitale yafaa aingie humo pamoja na watoto wake.