Kupanga mtaa uliotulia Dodoma: niliyojifunza kwa hela ya mama

Niko hapa kwenye kompyuta ya steshenari, vumbi la Dodoma limejaa kwenye kibodi, lakini leo lazima niandike hili. Kuna watu wanakuja huku kila siku kutafuta maisha, na kitu cha kwanza kinachowatoa jasho ni chumba. Kimenitoa jasho na mimi.

Kwa kifupi stori yangu ni hii. Nilimaliza kidato cha sita, nikawa nalala kwa mjomba Chang'ombe, sebuleni. Haikuwa na shida. Kisha mama akaanza kuja kutoka Kondoa kwa ajili ya kliniki ya presha, na daktari akamwambia apate usingizi wa kutosha. Pale kwa mjomba kuna baa upande mmja na mashine ya kusaga upande wa pili, usingizi utoke wapi? Mama akauza mbuzi, nikaongezea na vijisenti vyangu vya kuchapa barua za watu, tukafikisha laki 6. Akaniambia, "Mwanangu, tafuta sehemu yenye ukimya tu, mengine tutavumilia."

Laki 6 nikaona nyingi. Kumbe!

KWA NINI VYUMBA VIMEKUWA DILI

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa CDA, na mwaka 1976 ikatoka ramani kuu ya mji iliyochorwa na kampuni ya Toronto, Canada. Ndiyo maana ukitembea Area C au Area D unaona viwanja vimenyooka, barabara zina mpangilio na nyumba zina nafasi. Uzunguni jina lake tu linakuambia walikaa kina nani enzi za ukoloni. Mitaa iliyotulia ya Dodoma haikutokea kwa bahati, ilipimwa.

Lakini kwa miaka mingi serikali ilikuwa inahama kwa maneno. Bunge lilianza kukaa huku mwaka 1996, UDOM ikafunguliwa mwaka 2007, ila wizara nyingi zilibaki Dar. Kasi ilikuja Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kweli kweli. CDA ikavunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikaenda halmashauri, kisha Aprili 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Angalia sensa: mwaka 2012 tulikuwa watu 410,956, mwaka 2022 tukawa 765,179. Watu karibu mara mbili ndani ya miaka kumi, halafu wote wanataka chumba chenye choo ndani na geti.

Hapo ndipo bei zilipoota mabawa. Mtumishi aliyehamishiwa huku anaweza kulipia mwaka mzima bila kukuna kichwa. Wewe mwenye laki 6 ya mbuzi unashindana naye.

Kuna na misimu. Bunge la bajeti linaanza Aprili hadi mwisho wa Juni, mji unajaa wageni. Vyuo vikifunguliwa mwisho wa mwaka, wanafunzi nao wanamwagika mitaani. Ukiweza kutafuta katikati ya hapo, utaongea na mwenye nyumba akiwa ametulia.

DALALI

Mwenye nyumba wengi hawabandiki tangazo, wanampa dalali. Utaratibu wa mtaani ni huu: unamlipa dalali hela ya kuonyeshwa, na ukichukua chumba unampa kodi ya mwezi mmoja. Yaani chumba cha elfu 80, ukilipia miezi 6 ni 480,000, ongeza 80,000 ya dalali, jumla 560,000. Hujanunua hata ndoo.

Dalali wangu wa kwanza alichukua elfu 10 ya kuonyesha, akanipeleka Kisasa kwenye chumba kizuri, masta, tiles, fensi. Akasema kuna watu watatu wanakitaka, niache elfu 50 ya kukishikilia. Nikatoa. Bila karatasi, bila shahidi, bila kumwona mwenye nyumba. Kesho yake simu haipatikani. Nikaenda pale mwenyewe, nikakuta dada mmoja anadeki, akaniambia, "Kaka, mimi nimelipia tangu wiki iliyopita. Wewe ni wa nne kuja."

Elfu 60 imeyeyuka. Zimebaki 540,000, na hesabu ya miezi 6 inataka 560,000. Wadau, ile siku nilitembea kwa miguu kutoka Kisasa hadi Chang'ombe, si kwa sababu sina nauli, nilikuwa nafikiria namna ya kumwambia mama. Sikumwambia.

Kwa hiyo chukueni hii bure: usitoe hela yoyote ya chumba mpaka umwone mwenye nyumba au msimamizi wake anayejulikana na majirani. Na majirani wapo, waulize. Nenda hata ofisi ya serikali ya mtaa, muulize mwenyekiti au mjumbe, "Shikamoo, nyumba ile ni ya nani?" Dakika tano tu.

UKIMYA UNAPIMWA USIKU

Kosa la pili nilitaka kulifanya mwenyewe bila msaada wa dalali. Nilipata chumba kingine, nikaenda Jumatano saa 8 mchana. Kimya kabisa, unasikia njiwa. Nikakaribia kulipa. Bahati nzuri muuza genge wa pale akanicheka, "Kijana, rudi Jumamosi usiku." Nikarudi. Nyuma ya ukuta kuna ukumbi wa sherehe. Ngoma inapigwa mpaka vioo vinatetemeka.

Mtaa mpaka uuone mara tatu: mchana, usiku wa wikiendi, na alfajiri. Angalia kama jirani kuna baa, ukumbi, gereji, mashine ya kusaga, stendi ya bodaboda. Nyumba za ibada nazo zipo, hiyo utapima mwenyewe kulingana na usingizi wako. Kama umeshahamia na kelele zimezidi, anzia serikali ya mtaa, na NEMC ndio wenye kusimamia mambo ya kelele kwa kanuni za mwaka 2015. Ila kuhamia ukijua ni afadhali kuliko kushtaki.

Ukimya nao una bei. Uzunguni, Kilimani, Area C na Area D ziko karibu na mjini, kwa hiyo bei iko juu. Ukienda pembeni zaidi, kama Ipagala, Ilazo, Nkuhungu, Mkonze, unaweza kupata nafuu, lakini piga hesabu ya daladala kwenda na kurudi kila siku. Chumba cha bei ndogo chenye nauli kubwa ni kilekile cha bei kubwa.

MAJI NA UMEME, ULIZA KABLA HUJAKAA

Dodoma ni kame. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili hivi, baada ya hapo ni upepo na vumbi. Maji ya mji kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, na DUWASA wanayagawa. Kwa hiyo usiulize "maji yapo?" Kila mtu atakujibu yapo. Uliza yanatoka siku gani, kuna simtanki ya lita ngapi, wapangaji wangapi wanaitumia, na bili inagawanywaje. Kama ni kisima cha nyumbani, yaonje. Mengine yana chumvi, chai itakuwa kama supu.

Umeme: uliza LUKU ni yako peke yako au mnashea. LUKU ya kushea imevunja urafiki mwingi. Mmoja anapikia jiko la umeme, mwingine ana balbu moja, mnachanga sawa!

Kitu kingine wengi hawakijui. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Kodi ile kisheria ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ndiye anakatwa, yaani wewe. Tena chumba kikikaa miezi bila mtu kununua umeme, deni linajikusanya na anayekuja kununua wa kwanza ndiye analilipa. Kwa hiyo kabla hujasaini, muulize mwenye nyumba: hii tunaitoa kwenye kodi au vipi? Muulize kwa heshima, wengi wanaelewa.

MKATABA

Zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005. Ndiyo maana leo bei ni makubaliano yako na mwenye nyumba tu, na ndiyo maana wanaweza kusema miezi 6 au mwaka. Kilichobaki kutulinda ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kile mlichoandika. Sheria hiyo inakubali pango la mwaka mmoja au pungufu hata kwa mdomo, lakini mdomo hauna kumbukumbu siku ya ugomvi. Sheria hiyohiyo inampa mpangaji haki ya kukaa kwa amani bila kubughudhiwa, ilimradi analipa na anatimiza masharti.

Mkataba wako uwe na mambo haya: majina yenu, kodi kwa mwezi, miezi iliyolipiwa, tarehe ya kuanza na kuisha, nani anatengeneza kinachoharibika, na notisi ya muda gani kwa kila upande, ikiwemo ya kupandisha kodi. Weka mashahidi, piga muhuri wa serikali ya mtaa, baki na nakala yako. Mkikwaruzana, Baraza la Kata linawasuluhisha, na ikishindikana mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nina binamu anasoma Uholanzi. Nilipomsimulia habari ya miezi 6 alishangaa. Anasema kule tangu Julai 2023 sheria inakataza mwenye nyumba kudai amana inayozidi kodi ya miezi 2, na dalali aliyetumwa na mwenye nyumba haruhusiwi kumtoza mpangaji. Kodi za nyumba nyingi zinapimwa kwa pointi: ukubwa wa vyumba, jiko, na kadhalika. Nikasema kumbe peponi! Akanicheka. Anasema nyumba zenyewe hazipatikani, za bei nafuu watu wanasubiri foleni miaka, na mitaa iliyotulia ndiyo migumu zaidi. Kwa hiyo sheria nzuri bila nyumba za kutosha bado unalala kwa rafiki. Sisi tuna nyumba zinajengwa kila kona, sheria ndiyo inatuacha uchi. Fikirieni hapo.

NILIVYOPATA

Chumba nilikipata Ipagala kupitia dalali mwingine, mzee mmoja mstaarabu, kwanza akanikutanisha na mama mwenye nyumba ndipo tukaongea hela. Chumba elfu 80, LUKU yake, simtanki ipo, maji ya bomba siku mbili kwa wiki. Nilienda mara tatu kama nilivyowaambia. Usiku nilisikia mbwa tu.

Mama mwenye nyumba akasema miezi 6. Mfukoni nina 540,000, naye dalali ananingoja. Nikamwambia ukweli wote: shikamoo mama, nina mama mgonjwa, niliibiwa elfu 60, naweza kulipa miezi 3. Akakaa kimya. Chumba kilikuwa kimekaa wazi zaidi ya mwezi, nilijua kutoka kwa jirani, ila sikukitumia kumbana. Akasema, "Lete minne, mwanangu, na muziki sitaki."

Muziki! Nilikaribia kucheka. Miezi minne ni 320,000, dalali 80,000, jumla 400,000. Kirikuu ya kuhamisha godoro elfu 20. Zikabaki 120,000 za ndoo, pipa, na mtungi wa gesi wa kuanzia.

Mama alikuja wiki iliyofuata. Asubuhi ya kwanza niliamka saa 12 nikamkuta bado amelala, jambo ambalo sijaliona tangu nikiwa mtoto. Nikatoka nje taratibu, nikafunga mlango kwa mikono miwili. Ile elfu 60 nilimwambia siku hiyo jioni. Akasema, "Nilijua, hesabu yako ilikuwa haikai." Basi.

Miezi minne inaisha karibuni na bado sijui kama kodi itapanda. Safari hii notisi ipo kwenye karatasi: mwezi mmoja, kwa maandishi.

Mliopanga Dodoma, mmelipia miezi mingapi na mlipunguziwaje? Wa Singida, Dar, Mwanza, huko kwenu dalali anachukua kiasi gani? Shusheni kwenye maoni hapo chini, kuna mtu kesho anashuka kwenye basi pale Nzuguni na begi lake, atayasoma.

Nawasilisha.