Fahamu: Kwa nini tunapiga miayo?

Mwayo ni pumzi ndefu inayovutwa bila hiari, mdomo ukiachama na macho yakilengwa machozi, kwa takriban sekunde 6. Hata mtoto aliye tumboni hupiga miayo.

Ni upungufu wa oksijeni?
Hapana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, Robert Provine wa Marekani aliwavutisha watu oksijeni tupu, miayo haikupungua.

Husababishwa na nini?
Huja zaidi usingizi unapokaribia, tunapoamka na tunapochoshwa. Baadhi ya wanasayansi wanaamini hupoza ubongo.

Mbona huambukiza?
Kumwona au kumsikia mwenzako akipiga miayo hutosha. Watoto huanza kuambukizwa wakifikia miaka 4 hivi.

Umwone daktari lini?
Miayo ikizidi ingawa unalala vya kutosha, nenda ukapimwe.