Mashimo madogo chini ya balatumu



Mtu akinunua balatumu mpya, anataka kuitandika siku ile ile. Lakini balatumu haifichi shimo la pavema kwa muda mrefu. Inalala ndani ya shimo, inapasuka, na maji ya kusafishia yanaingia chini yasipate njia ya kutoka. Siku moja mama anapita na sufuria ya maji ya moto, mguu unanaswa pale, na mtoto anayetambaa chini ndiye anaungua. Vidonda vya namna hii tunavifunga kwa dispensari.

Pavema iliyopasuka inashika pia vumbi, na funza anapenda vumbi. Mdudu huyu alifika Angola mwaka 1872 kwa meli kutoka Brazili, kisha akavuka Kongo mpaka Afrika ya Mashariki. Kidonda chake kinaweza kuingiza tetanosi.

Basi, tutengeneze kwanza. Chukua ubao ulionyooka wa metre 2, uulaze chini, uuzungushe pande zote. Pale mwangaza unapopita chini ya ubao, piga alama ya chaki. Ondoa sira yote kwa maji ya moto na sabuni, kwani sima haishiki juu ya mafuta. Usimwage sima juu ya shimo jembamba kama karatasi: kando zake zitavunjika. Chimba kwa nyundo mpaka sentimetre 1, kando zisimame wima. Lowesha beto kabla ya kupiga. Vumbi lake kavu lina silisi, ile ile inayoharibu mapafu ya wachimbaji.

Fagia, lowesha tena, paka maji mazito ya sima kwa brosi. Kisha tia mchanganyiko wa kopo 1 la sima na makopo 3 ya mchanga mwembamba uliochekechwa, na uvute ubao juu yake mpaka usawa. Funika na magunia yenye maji siku 3 au zaidi.

Mchanga uwe wa mto. Wengine wanaokota ule wa mabaki ya kiwanda kwa sababu ni mwembamba na ni wa bure. Hapana! Ndani yake mnabaki kobalti, na wakati mwingine plombo, na mtoto anatia mikono kinywani kutwa nzima.

Sima mbichi inaunguza bila kuumiza mara moja. Mtu anapiga magoti ndani yake saa mbili, hasikii kitu. Jioni ngozi inatoka. Vaa glavu na buti, weka plastiki chini ya magoti. Ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, mwaga maji safi dakika 20, kisha njoo kwa munganga hata kama maumivu yamepungua.

Balatumu ingoje wiki 4. Bandika kipande cha plastiki juu ya pavema usiku mzima, ukifunga kando zote. Asubuhi ukikuta matone ya maji chini yake, ngojea bado.