Je, Wajua? Mtawa wa Ethiopia aliyepiga piano

Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923, akapewa jina la Yewubdar. Akiwa na miaka 6 alipelekwa shuleni Uswisi, ambako alijifunza fidla na piano. Baada ya vita vya Ethiopia na Waitalia aliendelea na masomo ya muziki mjini Cairo.

Akiwa bado kijana aliacha maisha ya mjini na kuwa mtawa wa Kanisa la Orthodoksi. Alikaa takribani miaka 10 katika monasteri ya mlimani ya Gishen Mariam, akitembea peku.

Aliporudi kwenye piano, alichanganya mbinu za muziki wa klasiki wa Ulaya na ngazi za Ethiopia zenye sauti tano. Mkono wa kushoto hutulia, wa kulia hupambapamba sauti, na mwendo huharakishwa au kucheleweshwa bila kufuata mapigo yasiyobadilika. Kwa Watanzania wengi, kuanzia Dar es Salaam hadi Ilongero mkoani Singida, kinanda ni ala ya kusindikiza kwaya. Emahoy aliipa piano nafasi ya kusimama peke yake.

Mwaka 1967 alirekodi santuri nchini Ujerumani, na mapato yake yakasaidia yatima. Mwaka 1984 alihamia Yerusalemu. Mkusanyo wa nyimbo zake uliotolewa mwaka 2006 katika mfululizo wa albamu uitwao Éthiopiques ulimfikisha kwa wasikilizaji wapya duniani. Alifariki dunia Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 99.