Samaki naye ana kitambulisho

Sisi wa Garissa tunajua ngamia hutambuliwa kwa chapa ya moto ya ukoo. Lakini samaki? Nilipouliza hivyo sokoni, watu walicheka.

Kumbe wanasayansi hufanya vivyo hivyo. Kati ya 2005 na 2007, jodari zaidi ya 168,000 walivuliwa katika Bahari ya Hindi, wengi wao upande wa Tanzania. Walichomekwa mgongoni kipande cha plastiki chembamba kama tambi, chenye nambari, wakarudishwa majini. Sulisuli wa Watamu nao huwekwa alama namna hiyo. Kule Mafia, papa potwe hupigwa picha ubavuni, nyuma ya matamvua, maana madoadoa yake hayafanani na ya mwenzake.

Papa inamtosha picha. Jodari anamtegemea mvuvi. Nambari ikirudishwa pamoja na urefu wa samaki, mahali na tarehe, hujulikana alisafiri wapi na kukua kiasi gani, na hesabu hiyo husaidia kukadiria wangapi wavuliwe. Ikitupwa, kazi yote imepotea.

Kwa hiyo wewe wa Kipini au Lamu, ukikuta plastiki hiyo mgongoni mwa samaki, pima urefu wake kwanza, kisha uipeleke ofisi ya uvuvi.