Kukopa Arusi, Kulipa Matanga

Wahenga wetu wa pwani walimjua mwanadamu vilivyo. Waliposema kwamba kukopa ni arusi na kulipa ni matanga, hawakumsema mtu mmoja mbaya, walitusema sote. Siku ya kukopa uso hukunjuka na ahadi huwa nyepesi. Siku ya kulipa, moyo ule ule huona kana kwamba unanyang'anywa kilicho chake.

Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na tabia hii, ametuwekea na dawa yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, yaeleza habari ya deni. Yatuagiza tukikopeshana kwa muda maalumu tuandikiane, deni likiwa dogo au kubwa. Mdaiwa ndiye atamke yatakayoandikwa, na mashahidi wawepo.

Lakini kwetu kuandikiana kumekuwa aibu. Ndugu akitaka hati kwa ndugu yake huambiwa, "Kumbe huniamini?" Basi hunyamaza. Miaka ikipita, huyu akumbuka shilingi 200,000, yule akumbuka 100,000, wala hapana aliyekusudia uwongo. Mmoja wao akifa, mjane na mayatima hawajui wamsadiki nani, na hali sheria yataka deni lilipwe kabla ya urithi kugawanywa. Undugu wa miaka 40 huvunjika kwa kukosa mistari miwili ya wino. Ndiyo maana wahenga wakanena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Uzito wa jambo hili twauona katika hadithi iliyopokewa na Bukhari. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni la dinari 3, wala hakuacha kitu cha kulipia. Akawaambia Masahaba wamsalie wenyewe. Abu Qatada alipojitwika deni lile, ndipo Mtume akamsalia.

Mwenye kudai naye ana wajibu wake. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo yataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na kumsamehe kuwa sadaka ni bora zaidi. Rehema hiyo ni ya asiyekuwa nacho, si ya anacho naye akwepa.

Siku hizi mtu hukopa kwa simu usiku wa manane, mkewe asijue. Twawausia wenye nyumba waweke daftari la madeni, wanayodai na wanayodaiwa, na mume na mke walijue lilipo. Na kijana atakaye arusi kubwa kuliko mfuko wake, ajiulize kwanza: wageni wakisha kuondoka, matanga yatakaliwa na nani?

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutimiza amana zetu kabla ya siku yetu. Amin.