Afya ya Kinywa (Sehemu ya Tatu): Chingamu ya Kurudisha Madini ya Meno Ichaguliwe Vipi?

Sehemu mbili zilizotangulia za mfululizo huu zilieleza namna ukoga, yaani utando wa bakteria unaoganda juu ya meno, unavyoigeuza sukari ya chakula kuwa asidi, na namna asidi hiyo inavyolidhoofisha jino kidogo kidogo. Sehemu hii inaishughulikia bidhaa ambayo wauzaji wake wanadai kwamba huyarudisha yale yaliyopotea, nayo ni chingamu iliyotiwa kalsiamu, fosfeti, zailitoli au unga laini wa madini yale yale yanayolijenga jino. Dai hilo si la uongo, lakini lina mipaka, na mnunuzi asiyeijua mipaka hiyo huweza kulipa bei kubwa kwa kitu ambacho mate yake mwenyewe humpa bure.

Tabaka la nje la jino, liitwalo enameli, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya madini hayo ni fuwele za haidroksiapataiti, yaani muungano wa kalsiamu na fosfeti. Enameli iliyokomaa haina seli hai wala mishipa ya damu, na kwa hiyo haiwezi kujiunga kama mfupa uliovunjika unavyojiunga. Inachoweza ni kubadilishana madini na mate yanayoizunguka. Katika hali ya kawaida mate huwa na kalsiamu na fosfeti nyingi kupita kiwango ambacho maji matupu yangeweza kukibeba, na protini iitwayo statherini huyazuia madini hayo yasigande ovyo juu ya meno. Kipimo cha uchachu, kijulikanacho kama pH, kikishuka chini ya takriban 5.5, mizani hugeuka, na fuwele huanza kuyeyuka. Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani Robert Stephan alionyesha kwamba mtu akisukutua kwa maji yenye sukari, pH ya ukoga huporomoka ndani ya dakika chache, kisha huchukua nusu saa hadi saa nzima kupanda tena hadi ilipokuwa. Mtu anayekunywa chai ya sukari asubuhi, soda saa nne, kashata na kahawa alasiri na biskuti jioni anayaweka meno yake katika hali hiyo mara nyingi kwa siku, hata kama kila mara anakula kidogo tu.

Madini yanapopotea zaidi ya yanavyorudi, dalili ya kwanza huwa ni doa jeupe lisilong'aa, mithili ya chaki, ambalo huonekana zaidi jino likikauka. Hapo ngozi ya juu ya enameli bado ni nzima ingawa chini yake pamekuwa na vinyweleo vingi, na ni katika hatua hii tu ambapo madini yanaweza kurudishwa bila daktari kuchimba jino. Ngozi hiyo ikishabomoka na tundu likafunguka, hakuna chingamu, dawa ya meno wala kisukutulio kitakacholiziba, kwa kuwa hapo tayari umbo la jino limepotea. Tofauti ya hatua hizo mbili ndiyo ambayo matangazo mengi huipita kimya kimya.

Kazi kubwa ya chingamu hufanyika kabla hata ya kuulizwa ina madini gani. Kitendo cha kutafuna pamoja na ladha huzichochea tezi za mate, na katika dakika za mwanzo mate huweza kutoka hata mara kumi ya kiasi kinachotoka mtu akiwa ametulia. Baada ya ladha kufifia kiasi hicho hupungua, lakini hubaki juu ya kawaida maadamu mtu anaendelea kutafuna. Mate hayo hayazidi kwa wingi tu bali hubadilika kwa ubora, kwani bikabonati yake, yaani chumvichumvi inayoituliza asidi, huongezeka sana, na hivyo pH ya ukoga hupanda mapema na kalsiamu na fosfeti hupata nafasi ya kurudi katika enameli. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2012 kuhusu madai ya kiafya ya vyakula, uliiruhusu chingamu isiyo na sukari kutangazwa kuwa husaidia kutuliza asidi ya ukoga na kuyadumisha madini ya meno, kwa sharti kwamba mtumiaji aelezwe kuwa faida hupatikana kwa kutafuna kwa muda wa angalau dakika 20 baada ya kula au kunywa. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilikuwa kimekwisha kutoa alama yake ya kukubalika kwa chingamu za aina hiyo tangu mwaka 2007. Katika uamuzi huo wa Ulaya hakuna sharti la kuongezwa madini: chingamu ya kawaida, almradi haina sukari, inatosha kulibeba dai la msingi.

Neno «isiyo na sukari» ndilo lililobeba uzito wote. Bazoka na bigijii nyingi ambazo watoto huzinunua dukani zina sukari, na sukari hiyo huyeyuka katika dakika za mwanzo, wakati ule ule ambapo mate yanaanza kujaa, ikawalisha bakteria. Katika utafiti uliofanywa nchini Belize kuanzia mwaka 1989 kwa muda wa miezi 40, watoto wa shule waliopewa chingamu yenye sukari walizidi kidogo kuharibika meno kuliko wale ambao hawakupewa chingamu yoyote, ilhali waliopewa yenye zailitoli ndio waliopata matokeo bora. Hapa pana jambo linalowahusu watafunaji wa miraa, ambao wengi huichanganya na chingamu tamu na soda ili kuupunguza uchungu wake. Miraa hukausha kinywa, nao utafunaji wake huendelea kwa saa kadhaa, kwa hiyo sukari hukaa juu ya meno muda mrefu pasipo mate ya kutosha kuyaosha. Anayeshindwa kuiacha desturi hiyo angefanya vyema walau kubadilisha aina ya chingamu na kunywa maji mahali pa soda.

Zailitoli, ambayo katika orodha za viungo hutambulika kwa namba E967, ni kitamu kinachotokana na magome na mbao za miti kama mibetula au magunzi ya mahindi, na utamu wake hukaribia ule wa sukari. Bakteria aitwaye Streptococcus mutans, mmoja wa wahusika wakuu wa kuoza kwa meno, huimeza lakini hawezi kuigeuza kuwa asidi, naye hupoteza nguvu akijaribu. Sifa zake zilienea duniani kutokana na tafiti za mji wa Turku nchini Finland, zilizoongozwa na Arje Scheinin na Kauko Mäkinen katika miaka ya 1970, ambapo watu waliotumia zailitoli badala ya sukari walipata uharibifu mdogo sana wa meno. Na ilipofika mwaka 1975 chingamu ya zailitoli ilikuwa tayari inauzwa nchini humo. Tafiti zilizofuata zimeupoza msisimko huo. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2013, ambamo watu wazima walimung'unya vidonge vyenye jumla ya gramu 5 za zailitoli kwa siku kwa miezi 33, halikuonyesha upungufu wa uharibifu ulio thabiti kitakwimu. Vidonge humung'unywa tu, havitafunwi kwa muda mrefu, na pengine hilo lenyewe linadokeza kuwa sehemu kubwa ya sifa za chingamu ni ya taya na mate kuliko ya kitamu chenyewe.

Anayeitaka zailitoli kwa faida yake ya ziada hana budi kutazama kiasi. Kanuni nyingine ya Ulaya, ya mwaka 2009, inalihusisha dai la kupunguza ukoga na chingamu ambayo kitamu chake chote ni zailitoli, itafunwe gramu 2 hadi 3 angalau mara tatu kwa siku baada ya milo. Viungo katika pakiti hupangwa kwa kufuata uzito, kizito kikitangulia. Basi pakiti iliyoandikwa zailitoli kwa herufi kubwa mbele, lakini ndani ikaanza na sobitoli (E420) au maltitoli (E965) na kuitaja zailitoli karibu na mwisho, inauza jina zaidi ya kitu. Sobitoli si mbaya, kwani bakteria huichachua polepole mno, na chingamu yake huleta mate kama nyingine yoyote. Ubaya ni kulipia bei ya zailitoli na kupewa sobitoli.

Viongezo vya madini vina historia tofauti, na kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni kile kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, na Eric Reynolds pamoja na wenzake, ambacho huuzwa kwa jina la Recaldent. Tatizo walilokabiliana nalo ni kwamba kalsiamu na fosfeti zikiwekwa pamoja kwa wingi hushikana na kuganda kabla hazijalifikia jino. Suluhisho lilipatikana katika kaseini, protini kuu ya maziwa, ambayo vipande vyake vidogo huyashika madini hayo katika vifurushi visivyoganda, hujishikiza katika ukoga, na kuyaachia pale uchachu unapoongezeka. Jaribio lililowahusisha wanafunzi 2,720 wa mji huo kwa miaka miwili, na ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, lililinganisha chingamu isiyo na sukari yenye kiongezo hicho na isiyo nacho, na uwezekano wa uharibifu kusonga mbele ulikuwa pungufu kwa asilimia 18 upande wa wenye kiongezo. Hiyo ni faida ya kweli, na inafaa ikumbukwe kuwa ni faida juu ya ile ambayo chingamu ya kawaida ilikwisha kuitoa. Mtu mwenye mzio wa protini ya maziwa hapaswi kuigusa kabisa.

Kiongezo kingine kinachovuma siku hizi ni haidroksiapataiti yenyewe, iliyosagwa kuwa chembe ndogo mno ambazo hupimwa kwa sehemu za bilioni za mita. Ilianza Japani, ambako kampuni ya Sangi iliitia katika dawa ya meno, na mwaka 1993 serikali ya nchi hiyo ikaikubali kuwa kiambato cha kuzuia meno kuoza. Ushahidi wake ulio bora, hata hivyo, ni wa dawa ya meno, inayosuguliwa moja kwa moja juu ya enameli, na si wa chingamu, ambayo lazima kwanza iyaachie madini hayo kutoka katika mpira wake na kuyaingiza kwenye mate. Kampuni inayouza chingamu ya aina hii kwa bei ya juu inawiwa na mnunuzi maelezo ya kiasi kinachotoka kwa kila tembe, na pakiti isiyosema lolote kuhusu hilo haistahili nyongeza ya bei.

Wakazi wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro, wa Arusha, Manyara na Nakuru, wana jambo la ziada la kuzingatia. Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watu waliokulia huko mara nyingi huwa na mabaka meupe au ya kahawia. Mabaka hayo hutokana na enameli kuvurugika utotoni, jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya, kwa hiyo si upungufu wa madini uliosababishwa na asidi na hayataondolewa na chingamu ya aina yoyote. Floraidi inayoligusa jino kwa juu hulifaa, kwani fuwele zinazojengeka upya mbele yake huwa sugu zaidi kwa asidi. Ila mtoto wa maeneo hayo hana haja ya chingamu yenye floraidi ya kumeza pamoja na mate, na mzazi anayemnunulia achague isiyo nayo.

Tahadhari zilizobaki ni chache. Vitamu vya jamii ya zailitoli vikizidi huharisha, na mtumiaji mpya huanza na kiasi kidogo. Aspatami (E951) haiwafai wenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria. Watoto wadogo wanaweza kupaliwa, na wenye maumivu ya kiungo cha taya huzidisha maumivu kwa kutafuna. Mwenye mbwa aiweke pakiti mbali, kwa kuwa zailitoli, isiyomdhuru binadamu kwa kiasi kilichomo katika chingamu, huishusha sukari ya damu ya mbwa na huweza kumuua. Mwaka 2024 watafiti wa Cleveland Clinic ya Marekani walihusisha viwango vikubwa vya zailitoli katika damu na matatizo ya moyo na kiharusi, wakaonyesha pia kuwa kinywaji chenye gramu 30 zake kiliongeza wepesi wa damu kuganda. Gramu 6 za chingamu zilizogawanywa kutwa nzima ni jambo jingine, lakini mgonjwa wa moyo hatakosea akimuuliza daktari wake.

Kwa mnunuzi wa kawaida, basi, chaguo linalofaa ni chingamu isiyo na sukari, ambayo zailitoli ndiyo ya kwanza katika vitamu vyake ikiwezekana, isiyo ya ladha ya matunda makali yenye asidi ya sitriki (E330), na itafunwe kwa muda wa dakika 20 baada ya kula. Anayefunga Ramadhani huweza kuitumia baada ya futari na tende, na tena baada ya daku kabla ya alfajiri. Nyongeza ya Recaldent inastahili bei yake kwa mwenye madoa meupe au kinywa kikavu, naye aonwe kwanza na daktari wa meno ili ihakikishwe kuwa doa halijawa tundu. Hakuna chingamu inayochukua nafasi ya mswaki na dawa ya meno yenye floraidi mara mbili kwa siku, na dawa hiyo, pamoja na kiasi kinachofaa kwa watoto wa kila umri, ndiyo itakayoelezwa katika sehemu ya nne.